Simu Haijazeeka, Betri Ndiyo Imechoka

Ukitoa mfukoni simu yenye ufa kwenye kioo, iwe kwenye kikao cha harusi Shighatini au kwenye benchi la zahanati Kifula, hukosi mtu wa kukuhurumia. Atakuambia simu ya miaka minne mitano imeshapitwa na wakati. Atasema mzazi mwenye watoto Dar es Salaam na Arusha hapaswi kuonekana na kitu kama hicho, na kwamba siku hizi simu mpya unaipata hata kwa kulipa kidogo kidogo, kwa hiyo kuteseka ni kupenda. Akiona bado unasita, atakutajia kabila lako: "Acha ubahili wa Kipare." Hapo maneno huisha. Nimeyasikia hayo Ugweno na Usangi, nimeyasikia Mwanga mjini na Same, na sasa wengi wanayachukua kama jambo lisilohitaji ushahidi: simu ina umri wake, umri ukitimia unanunua nyingine.

Nalipinga wazo hilo bila kuuma maneno. Simu haistaafu kwa umri. Ina kazi inazozifanya na kazi zinazoishinda, na kwa mtu anayeishi kwa ndizi, maharage, kahawa kidogo na pesa ya mtoto aliyeko mjini, swali la kuuliza ni moja: kazi yangu imeishinda simu hii kweli, au nimeambiwa tu kwamba imeishinda? Wengi tunanunua kwanza, kisha swali lenyewe hatuliulizi kabisa.

Chukua lalamiko linaloua simu nyingi zaidi ya mengine yote: chaji haikai. Betri za simu janja ni za lithiamu, na zilizo nyingi zimetengenezwa zikitarajiwa kubaki na kama asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kujazwa kikamilifu mara 500 hivi. Anayechaji kila siku anaufikia mpaka huo kabla miaka miwili haijaisha. Ndiyo sababu simu huanza kuitwa nzee wakati uleule, iwe ya bei kubwa au ndogo. Kamera yake ni ileile, kioo ni kilekile, na ubongo wake unahesabu kama ulivyohesabu siku ulipoitoa kwenye boksi. Kilichochoka ni pakiti moja ya kemikali ambayo fundi anaweza kuitoa na kuweka nyingine. Zamani tulifungua mgongo wa simu kwa ukucha, tukachomoa betri, tukaweka ya jirani kuona kama tatizo ni la betri au la simu. Watengenezaji wakaziba mgongo kwa gundi, na gundi hiyo ndiyo iliyotuaminisha kwamba betri na simu ni kitu kimoja, kwamba ikifa moja imekufa na nyingine. Fundi yeyote mzoefu wa Mwanga au Moshi hupasha joto mgongo ule, akaubandua taratibu, akamaliza kazi kwa sehemu ndogo ya bei ya simu mpya.

Na hapa sisi wa mlimani tuna bahati tusiyoihesabu. Kinachozeesha betri ya lithiamu kuliko kitu kingine chochote ni joto, na Ugweno kuna ubaridi ambao tambarare ya Mwanga na Lembeni haina. Betri inayolala juu ya meza kwenye nyumba ya Ugweno mwezi wa Julai iko mahali pazuri. Tunaiua wenyewe: tunaichaji ikiwa chini ya mto wa kulalia, tunaiacha kwenye dashibodi ya Noah juani, tunaisubiri izime kabisa ndipo tukumbuke chaja. Mwenye kuichomoa ikifika asilimia 80 na kuirudisha kwenye chaji kabla haijashuka chini ya 20 ataongeza maisha yake bila kutoa shilingi. Tahadhari moja tu isipuuzwe: betri ikivimba ikaanza kuinua kioo, hiyo si ya kuendelea nayo hata siku moja. Izime simu, ipeleke kwa fundi, wala usijaribu kuitoboa.

Lalamiko la pili ni kwamba simu inaganda. Fungua uone kilichomo. Kundi la ukoo, kundi la kwaya, kundi la waliosoma pamoja, kundi la mazishi ambalo marehemu alishazikwa mwaka juzi na bado watu wanarusha video za asubuhi njema. WhatsApp ikiachwa ilivyo hupakua picha na video hizo yenyewe, na hifadhi ya simu ikikaribia kujaa, kila kitu huwa kizito. Zima upakuaji huo wa kiotomatiki, futa video, hamishia picha za maana kwenye kadi ya kumbukumbu. Nimeona simu zilizokuwa zinatafutiwa mrithi zikirudi kufanya kazi kwa nusu saa ya usafi wa namna hiyo.

La tatu ni mtandao, na hili linanikera kwa sababu linamtwisha mwananchi mzigo usio wake. Ugweno ni nchi ya migongo na mabonde. Nyumba iliyo mgongoni inauona mnara; nyumba iliyo bondeni, mita mia chache tu chini yake, inakingwa na mlima mzima. Simu iliyo mahali penye mtandao hafifu huongeza nguvu ya kurusha mawimbi ili ifike kwenye mnara, na nguvu hiyo inatoka kwenye betri. Kwa hiyo mtu wa bondeni anaona mambo mawili kwa pamoja, mtandao unakatika na chaji inakwisha, akahukumu kwamba simu imekufa. Anashuka Mwanga kununua mpya, inashika vizuri sana kule tambarare, anapanda nayo, na kufika nyumbani inakuwa kama ile ya kwanza. Dawa ya bonde lisilo na mtandao ni mnara. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitiliana saini na kampuni za simu ujenzi wa minara 758 katika maeneo ya vijijini nchini. Huko ndiko kwa kupeleka malalamiko. Ningefurahi kuona nguvu tunayotumia kuchekana simu tukiitumia kwenye mikutano ya kijiji, tukiwauliza madiwani ni mabonde yetu yapi yamo kwenye mipango ya namna hiyo na yapi yameachwa.

Na kazi zenyewe ni zipi? Kupokea pesa ya mtoto, kulipia umeme, kuchangia msiba, kununua bando. Huduma za pesa za simu Tanzania hazikuzaliwa na simu janja. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, watu waliitumia kwa vitochi, na hadi leo ukibonyeza *150*00# kwenye kitochi cha bei ya chini kabisa, menyu inafunguka palepale Kisanjuni kama inavyofunguka Masaki. Anayemwambia mama wa kijijini kwamba bila simu mpya ataachwa na dunia ya pesa anamdanganya.

Kuna hasara ya kubadili simu ambayo haiandikwi kwenye risiti. Shangazi yangu, mjane anayeishi Ugweno, alinunuliwa simu mpya na watoto wake kwa mapenzi ya dhati. Ile ya zamani akapewa mjukuu, mjukuu akaipiga fomati ili aianze upya. Humo ndani kulikuwa na jumbe za sauti za kaka yake mkubwa, ambaye sasa ni marehemu, akieleza kwa Kigweno mipaka ya shamba la ukoo, nani alipewa kihamba gani na kwa ushahidi wa nani, na majina ya mababu kwa mpangilio wao. Hakuna aliyekuwa amewasha nakala ya akiba. Hakuna aliyelijua nenosiri la akaunti. Kigweno si Chasu cha Wapare wengine. Ni lugha ya peke yake iliyo jirani na Kichaga, na leo vijana wengi wa Ugweno wanazungumza Kiswahili, wakiielewa lugha ya bibi zao nusunusu. Sauti ya mzee mmoja akizungumza Kigweno fasaha kwa dakika kumi ni mali ambayo hakuna duka la Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, linaloiuza. Ilikuwa kwenye simu ambayo sote tulikubaliana kwamba haina thamani.

Na hiyo mpya, wiki ya kwanza alikuwa hawezi hata kuipokea. Ananisimulia namna ilivyokuwa ikiita mpaka inakata, yeye akibonyeza pale alipozoea. "Mwanangu, hii inapokelewaje?" aliniuliza nilipofika. "Shangazi, weka kidole hapo kwenye kijani, uvute juu." Alijifunza, maana ni mwepisi wa kuelewa. Lakini ile simu ya zamani alikuwa anaijua hata gizani. Mtu wa miaka sabini akishazoea kitu kikawa cha mkono wake, kumnyang'anya kwa jina la maendeleo ni kumrudisha darasa la kwanza bila kumuuliza kama anataka.

Sasa niseme juu ya simu za mkopo, kwa sababu ndizo zinazofanya wazo hili la kubadili lionekane halina gharama. Unatoa kianzio, unaondoka na simu, unalipa kila siku au kila wiki. Ukikosa, simu inafungwa kutoka mbali. Jumlisha malipo yote hadi la mwisho, utakuta umelipa zaidi ya bei ya taslimu, na mara nyingine zaidi kwa kiasi kikubwa. Utaratibu huu ulibuniwa kwa watu wa kipato cha kila siku: dereva wa bodaboda, muuza chipsi, mtu wa kibanda cha pesa stendi. Mkulima wa Ugweno hapati pesa kila siku. Anapata kahawa inapovunwa, anapata maharage yanapokomaa, anapata mkungu ukinunuliwa na gari lililopanda kutafuta ndizi. Kati ya hapo kuna majuma makavu kabisa, na majuma hayo ndiyo simu inayofungwa. Inafungwa katika kipindi hasa anachohitaji kumpigia mtoto wake amwombe msaada. Simu yake ya zamani, hata ikiwa na ufa, hakuna wa kuifunga, maana ni yake.

Watetezi wa simu mpya husema pia kwamba mpya, kwa vyovyote, ni bora kuliko iliyotumika. Tulishapata somo la hilo. Usiku wa Juni 16, 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia nchi nzima, na watu waliokuwa wamenunua simu zinazong'aa kwa bei ya kutupa walijikuta na vipande vya plastiki. Simu ya kampuni halali yenye miaka mitano iliendelea kuita. Tangu hapo tumefundishwa kubonyeza *#06# kupata namba ya utambulisho na kuituma 15090 kabla ya kununua, na nawasihi watu waendelee kufanya hivyo. Somo lenyewe ni pana zaidi ya ubandia. Simu mpya ya bei ya chini kabisa mara nyingi ina kumbukumbu ndogo na kichakataji dhaifu kuliko simu ya daraja la juu iliyotoka miaka mitano kabla yake. Mtu anaweza kutoa pesa, akapanda mwaka, akashuka uwezo.

Nirudi kwenye ubahili, maana ndilo neno linalotufunga midomo. Bahili ni mtu anayewanyima wengine. Baba anayeendelea na simu yenye ufa huku kadi ya afya ya kaya yake iko hai, huyo hajamnyima mtu. Katika Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, kaya ya watu hadi sita ilikuwa ikichangia shilingi 30,000 kwa mwaka mzima. Weka kiasi hicho kando ya bei ya simu yoyote mpya unayoijua, kisha uniambie katika nyumba nyingi tunazozifahamu ni kipi kimekuwa kikilipiwa kwa haraka. Hilo ndilo la kuonea aibu, kama tunatafuta la kuonea aibu.

Tena hakuna mahali pa Upare ambapo kuheshimu kifaa cha zamani kungepaswa kuwa jambo la fahari kuliko Ugweno. Profesa Isaria Kimambo, katika historia ya kisiasa ya Wapare aliyoichapisha mwaka 1969, anaeleza jinsi Washana, ukoo wa wahunzi, walivyoitawala Ugweno kabla ya Wasuya kuwapindua. Chuma cha milima hii kilitafutwa hadi Uchagani. Watu walitawaliwa na wenye ujuzi wa kuyeyusha na kufua, wale ambao jembe lililolika liliporudi kwao lilitiwa motoni likatoka na makali mengine. Kijana anayekaa kwenye kibanda Mwanga mjini na kijiti cha kulehemu, hadubini na taa, akibadilisha tundu la chaji lililolegea, ndiye mrithi wa kazi ile. Tunampita tukienda kununua simu ambayo faida yake inakwenda Shenzhen.

Yako mengine ambayo sisi wa huku hatuyaoni kwa macho. Tantali iliyo ndani ya vifaa vidogo vya kutunza umeme kwenye simu nyingi hutoka kwenye koltani, na sehemu isiyo ndogo ya koltani ya dunia huchimbwa kwa sururu na beleshi Rubaya, Kivu Kaskazini nchini Kongo, na watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Mwaka 2024 waasi wa M23 waliuteka mji huo na migodi yake. Kobalti ya betri nyingi hutoka upande wa Kolwezi. Betri mpya nayo hubeba madini, silifichi, lakini betri moja ni kidogo mbele ya simu nzima. Ripoti za mazingira za Apple zenyewe huonyesha kwamba takribani asilimia 80 ya hewa chafu ya simu katika maisha yake yote hutokea kiwandani, kabla hujaiwasha. Upande wa mwisho wa safari, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyokusanywa na kurejelezwa rasmi. Kijijini kwetu simu iliyokufa inatupwa kwenye shimo la taka nyuma ya migomba.

Sitetei kila simu. Simu isiyo na 4G kabisa inamgharimu mwenyewe muda na bando, na ninamwelewa anayeiacha. WhatsApp inahitaji angalau Android 5, toleo la mwaka 2014. Aliye chini ya hapo amefungiwa mlango, hana la kufanya. Binti anayeuza tangawizi na mboga kwa picha anahitaji kamera inayouza. Na hoja yenye uzito kuliko zote ni ya usalama: mtengenezaji akiacha kutoa masasisho, matundu ya programu yanayogunduliwa baadaye hayazibwi, na mwizi anayajua. Hoja hiyo naikubali moja kwa moja. Lakini hata hapo kuna njia kabla ya kukimbilia dukani. Laini ya pesa na ibaki kwenye kitochi, ambacho hakina programu za kudukuliwa, na simu janja ya zamani ibaki na mazungumzo, picha na redio. Usipakue programu nje ya duka rasmi. Usifungue kiungo cha zawadi. Usimtajie mtu namba ya siri hata akijitambulisha kwa sauti ya kiofisi.

Hoja hiyo ya usalama, ikifuatwa hadi chanzo chake, haimhukumu mwenye simu. Inamhukumu aliyeitengeneza. Tangu Pixel 8 ya mwaka 2023 Google wanaahidi masasisho ya miaka saba, na Samsung wakafuata Januari 2024 kwa Galaxy S24. Kwa hiyo inawezekana. Simu za bei nafuu, zinazonunuliwa na watu wetu, ndizo zinazoachwa mapema, na anayeuza hasemi zitaachwa lini. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba programu yao ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka. Walisema ni kuzuia zisizime ghafla, lakini walikuwa hawajawaambia wateja waziwazi. Ufaransa iliwatoza faini ya euro milioni 25 mwaka 2020, na mwaka huohuo wakakubali Marekani kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi. Watu waliokuwa wameamini simu zao zimezeeka walihitaji betri tu.

Umoja wa Ulaya umelichukua jambo hili likawa sheria. Kuanzia Juni 20, 2025, simu mpya zinazoingizwa kwenye soko lake lazima ziwe na betri inayobaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa mara 800, vipuri viendelee kupatikana miaka saba baada ya simu hiyo kuacha kuuzwa, na masasisho ya mfumo yatolewe kwa miaka isiyopungua mitano. Kampuni zilezile zinazotuuzia sisi zinatii masharti hayo kule. Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa na uwezo wa kuzima simu bandia kwa usiku mmoja. Yenyewe pamoja na Shirika la Viwango zinaweza kuzuia betri bandia zinazowaharibia mafundi kazi na jina. Zinaweza pia kudai kwamba kila boksi la simu linalofika Mwanga, Same au Kariakoo liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, simu hiyo itapata masasisho hadi mwaka gani na vipuri vyake vitapatikana hadi lini, ili mnunuzi ayasome kabla hajatoa pesa yake.